Bwana Mifugo Anajibu: Kihongwe amefiwa na mama, sasa tufanyeje?

Mwezi huu simu yangu imejaa punda. Ng'ombe wachache, mbuzi mmoja mwenye pua iliyoziba, halafu punda, punda, punda. Kwa hiyo maswali ya kuku nimeyaweka pembeni (mama wa Kibaha samahani, wako nitakujibu toleo lijalo, ila leo hii waondoe kwenye hayo maranda yaliyolowa) na nimechukua barua nne, zote za mtoto aliyebaki bila mama, tatu za punda na moja ya farasi. Bara wengi wanasema mtoto wa punda au mwanapunda, pwani tunasema kihongwe, na mi natumia kihongwe kwa sababu ni neno letu na vijana wanalisahau.

SWALI
Assalaam alaykum Bwana Mifugo. Mimi niko Shela, Lamu. Punda wangu jike kazaa juzi baada ya isha, alfajiri tukamkuta amekufa, tumbo limevimba. Mtoto ni jike, yuwatembea, na nilimuona ananyonya mara moja au mbili kabla sijaenda kulala. Tumempa maziwa ya pakiti na sukari kidogo kama tunavyowapa watoto wetu, mwanzo alikunywa vizuri sana lakini tangu jana usiku anaharisha maji maji. Watoto washampenda, wamemlaza sebuleni kwenye mkeka na usiku wanamkumbatia. Tumpe nini? Atapona?
Mwenye punda, Shela

JIBU
Wa alaykumu salaam ndugu yangu, na pole sana. Punda hubeba mimba mwaka mzima na wengine wanapitiliza hadi miezi 13, 14, kwa hiyo umepoteza mnyama na mwaka juu yake. Huyu bwana nilimpigia simu siku ileile maana barua kama hii haisubiri gazeti, ninachoandika hapa ni yale tuliyoongea pamoja na yale niliyoyakumbuka baada ya kukata simu, kama kawaida yangu.

Sikuanza na kuharisha. Nilimuuliza, mlipomkuta mama amekufa, ziwa lake lilikuwa limejaa na kukaza au limelegea? Akakaa kimya kidogo, akasema limelegea, na chuchu zilikuwa zimelowa. Nikapumua. Ina maana mtoto alinyonya usiku ule wakati wenye nyumba wamelala, na alinyonya zaidi ya hiyo mara moja mbili, na kilichokuwemo mle ndani ni dang'a, yale maziwa ya mwanzo mazito ya manjano. Mtoto wa binadamu anazaliwa na kinga fulani aliyoipata kwa mamake tumboni, punda na farasi hapana, kondo lao haliipitishi, kihongwe anazaliwa mtupu na kinga yake yote ya mwanzo iko kwenye dang'a. Na utumbo wake unaipokea kwa muda mfupi tu, saa sita za kwanza ndo bora kabisa, baada ya hapo mlango unaanza kufunga na ikifika kati ya saa 18 na 24 umefungwa, ukimpa dang'a siku ya pili umempa chakula tu.

Kwa hiyo nyinyi wengine mnaosoma, kama mama amekufa akizaa na mtoto hajanyonya, acha vyote, tafuta dang'a. Mama aliyekufa sasa hivi mkamue hapohapo, najua inatisha lakini mkamue. Kama kuna jirani ambaye punda wake amezaa leo, nenda kamuombe, mtoto wake akishanyonya unaweza kukamua robo lita bila kumdhulumu. Mpe kihongwe robo lita kila saa moja hivi mpaka afikishe lita moja au moja na nusu ndani ya hizo saa za mwanzo. Ukikosa ya punda kabisa, dang'a ya ng'ombe si sawa nayo na kinga yake haikai mwilini muda mrefu ila ni bora kuliko kukosa vyote. Kama mtaani kwenu kuna mwenye friza la samaki na mna punda wengi, muombeni nafasi ya chupa mbili tatu, dang'a ikigandishwa inakaa mwaka mzima, siku ya shida unaiyeyusha ndani ya maji ya vuguvugu, usiichemshe, ukiichemsha kinga imekufa. Na kama mtoto hakunyonya kabisa na siku imepita, daktari anaweza kupima damu yake aone ana kinga kiasi gani na kama hana akamwekea plazima, yaani maji ya damu, ya mnyama mwingine kwenye mshipa, sio kila mahali inapatikana ila ulizeni.

Sasa maziwa. Ya pakiti na sukari ndiyo yaliyoleta hii harufu sebuleni kwenu. Maziwa ya punda ni mepesi, mafuta yake ni kidogo sana kuliko ya ng'ombe, halafu ni matamu, sukari yake ya asili inazidi ya ng'ombe. Watu wakisikia hivyo wanasema basi tuongeze sukari ya chai, na hapo ndo wanakosea, kwa sababu utumbo wa kihongwe mchanga hauwezi kuivunja ile sukari ya mezani, inapita nzima, inavuta maji, anaharisha. Inayomfaa ni glukosi ya unga, ipo famasi na hata dukani. Chukua maziwa ya ng'ombe, chemsha, acha yapoe usiku kucha, asubuhi toa malai yote ya juu (hayo weka kwenye mkate wako, haki yako), halafu kila lita moja tia gramu 20 za glukosi, kama vijiko vinne vya chai vya kusawazisha. Kama una maziwa ya mbuzi mpe hivyohivyo bila kutia kitu, wengi wanayapenda na tumbo linayavumilia, na kwa Lamu mbuzi hawakosekani. Yawe na joto la mwili, ukidondosha mkononi usihisi moto wala baridi.

Kiasi wengi wanakosea pande zote mbili. Tuseme huyu ana kilo 20. Siku ya kwanza mpe sehemu ya kumi ya uzito wake, yaani lita mbili kwa saa 24, halafu unapanda taratibu kwa wiki moja hadi ufike lita nne au tano. Hizo lita usimpe mara tatu kama unamnywesha ndama! Kihongwe akiwa na mama ananyonya mara nyingi kila saa, kidogo kidogo, tumbo lake ni dogo. Siku za mwanzo kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ina maana mara 12, kila mara kama mililita 170 na baadaye 350. Ukiruka zamu tatu halafu umpe lita nzima kufidia, umemtafutia msokoto wa tumbo.

Na mkao wake. Niliuliza mnamnyweshaje, akasema binti anampakata kama mtoto, kichwa juu ya mkono. La la la. Kihongwe hunyonya amesimama, shingo imenyooka mbele na kidevu kimeinuka kidogo tu, kama vile anatafuta ziwa chini ya tumbo la mamake. Chupa isizidi usawa wa macho yake na usiiminye. Akilazwa chali maziwa yanaingia kwenye mapafu na siku tatu baadaye unazika mtoto wa nimonia, wengine husema amerogwa. Akiwa hana nguvu ya kunyonya, ukimtia kidole mdomoni hakivuti, usimmiminie, hapo ni daktari ampitishie mrija puani hadi tumboni.

Kuharisha kwenyewe: zamu moja au mbili za maziwa mbadilishie ORS, ile ya watoto ya famasi, halafu rudi kwenye maziwa yaliyotengenezwa vizuri, usimkatie maziwa siku nzima maana hana akiba mwilini. Msafishe nyuma kwa maji ya vuguvugu na umpake mafuta ya mgando, la sivyo ngozi itachunika. Mpime joto, likivuka 39, au akilala hataki kuamka, au ufizi umekauka, sio jambo la kungoja kesho. Na nyinyi wa Lamu mna bahati ambayo punda wa Singida hana, pale mjini kuna kliniki ya The Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, tangu 1987 na matibabu ni bure, toka Shela ni mwendo wa miguu au mashua, kwa hiyo nilimwambia akimaliza kuongea na mimi avae viatu. Wamwangalie na kitovu pia, kilitakiwa kipakwe dawa ya iodini siku aliyozaliwa, na wamuulizie sindano ya pepopunda, jina lenyewe linakuambia ugonjwa huo unampenda nani.

(Akifikisha wiki moja hadi mbili anaweza kuharisha tena kidogo huku anacheza na anakunywa vizuri, hiyo ni kawaida ya umri, hata wenye mama wanaharisha. Na mkimkuta anakula mavi ya punda wakubwa msimpige, ndivyo anavyopata wale vijidudu wa tumbo watakaomsaidia kusaga majani. Mtafutieni mavi mabichi ya punda mzima aliyepewa dawa ya minyoo.)

Limebaki la sebule, na hili tulibishana. Nilimwambia leo usiku atoke. Akasema watoto watalia. Nikamwambia acha walie, watanyamaza, ila huyu akikulia kwenye mkeka hamtamnyamazisha. Jirani yake ana punda jike mzee aliyestaafu kubeba mchanga. Nikamwambia mtengenezee kihongwe kizizi kidogo ubavuni mwa huyo mzee, kikavu, kisichopigwa na upepo wa kusi, boriti ziwe na nafasi waonane na kunusana lakini asipigwe teke. Watoto waende na chupa, wanyweshe, watoke. Kwanini, msome barua ya tatu.

SWALI
Habari Bwana Mifugo, niko Kajiado. Mama ya kihongwe wangu aligongwa na lori, sasa mtoto ako wiki mbili. Namlisha na chupa ya soda niliwekea chuchu ya mpira, kila masaa mawili usiku na mchana, mimi na kijana wangu wa form two tunapokezana na sasa ameanza kulala darasani, mwalimu amenipigia. Hii kazi inaisha lini? Na jirani ameniambia nimuanzishie peleti za ndama ashibe haraka, ni sawa?
Mama wa punda, Kajiado

JIBU
Mama pole, na kijana mpe pole yangu pia. Wiki mbili hamuhitaji tena kila saa mbili. Mpe kila baada ya saa tatu hadi nne, usiku mpe saa nne, saa saba na nusu, na saa kumi na moja alfajiri, katikati mlale.

Ila dawa yenu hasa ni beseni. Sielewi kwanini watu wanang'ang'ania chupa miezi mitatu wakati kihongwe anajifunza kunywa kwenye chombo kwa siku moja au mbili. Chelewesha zamu moja awe na njaa kiasi, tia maziwa ya uvuguvugu kwenye beseni pana lisilo na kina, nawa mikono, mpe kidole anyonye, kikishamkolea shusha mkono taratibu hadi midomo iguse maziwa, usimsukume pua ndani, akipaliwa ataliogopa beseni wiki nzima. Mara ya kwanza atapiga chafya usoni kwako, mara ya tano atakunywa na kidole umeshakitoa. Akishajua, ninginiza ndoo usawa wa kifua chake, weka maziwa ya kutosha, anakunywa mwenyewe kidogo kidogo kama alivyoumbwa, na wewe umelala. Kwa joto letu yasikae zaidi ya saa nne, ndoo ioshwe kwa maji ya moto kila mara, hapo usilegeze. Faida nyingine, ambayo kwangu ni kubwa kuliko usingizi, ni kwamba akinywa kwenye ndoo anaacha kuamini kwamba chakula kinatoka mwilini mwa binadamu.

Wazee wengine hutumia mbuzi. Unachukua mbuzi mpole mwenye maziwa, unampandisha juu ya benchi imara, kihongwe ananyonya moja kwa moja. Inafanya kazi kweli, nimeona mbuzi akisikia kihongwe analia anapanda benchi mwenyewe. Shida ni hesabu, mbuzi wetu wa kienyeji anatoa nusu lita, akijitahidi lita, na huyo wako anataka nne au tano, utahitaji mbuzi wa mtaa mzima na watoto wao wakuangalie kwa macho mabaya.

Peleti za ndama: USIMPE kabla hujasoma gunia lote, na kama huelewi maandishi usimpe kabisa. Baadhi ya vyakula vya ndama na vya kuku huwekwa monensini, ni dawa ya kuzuia koksidia, vile vijidudu vya kuharisha, ng'ombe na kuku wanaivumilia, kwa punda na farasi ni sumu inayokwenda kwenye moyo na kiasi kidogo kinaua. Maziwa ya unga ya ndama yenye dawa, jibu ni hilohilo. Nimeshawahi kuitwa kwenye boma moja punda watatu wamelala chini asubuhi, usiku walikuwa wamevunja stoo ya chakula cha kuku, na hakukuwa na la kufanya.

Mwekee majani laini na nyasi kavu nzuri, ataanza kuchezea mdomoni tu, wiki ya nne atakula kweli. Maji safi awe nayo muda wote hata kama unaona maziwa yanatosha. Dawa ya minyoo ya kwanza muulize daktari akifika miezi miwili. Maziwa mi nisingeyaacha kabla ya miezi minne, mitano ni bora, na unapunguza taratibu wiki mbili tatu, sio siku moja unanyanyua ndoo unaondoka.

SWALI
Shikamoo Bwana Mifugo. Mimi ni kijana wa Kongwa, Dodoma. Mwaka jana nilimlea punda kwa chupa baada ya mama yake kufa, alikuwa analala nyumbani na sisi, anaingia jikoni, watu wanakuja kupiga naye picha. Sasa ana mwaka na miezi miwili, dume, na amebadilika. Anang'ata, anasimama kwa miguu ya nyuma anaweka ya mbele kwenye mabega ya watoto, wiki iliyopita amemwangusha mdogo wangu akaumia mkono. Nikimpiga anarudi kwa hasira zaidi. Nikimpeleka kwa punda wengine anawakimbia anakuja mlangoni kulia. Baba anasema auzwe. Asante ya punda mateke kweli?
Kijana wa Kongwa

JIBU
Marahaba kijana wangu. Mwanzo niseme hivi, ulifanya kazi kubwa, vihongwe wengi wa chupa hawafiki mwaka. Na huo msemo uuache leo, maana huyu hakurudishii ubaya, anacheza na wewe mchezo uliomfundisha mwenyewe akiwa na kilo 20, sasa ana kilo labda 90 na mchezo ni uleule.

Nikueleze kinachotokea zizini kwa mtoto mwenye mama. Kihongwe akimkaribia punda mkubwa ananyoosha shingo na kupiga meno pa pa pa hewani, kama anatafuna upepo, ndiyo salamu yake, anasema mimi ni mdogo usinipige. Akijisahau akamrukia shangazi yake, shangazi analaza masikio nyuma, hasikii, anapewa kofi la meno shingoni, hasikii tena, anakula teke moja lililopimwa vizuri lisimvunje. Mara tatu nne amejifunza mipaka yote ya dunia. Wa kwako alipomrukia binadamu, binadamu alicheka na akapiga picha. Kwake yeye punda ni nyinyi, wale wengine ni wanyama wa ajabu wenye harufu kali. Si ajabu anawakimbia.

Kumpiga kunazidisha kwa sababu dume wa umri huo akipigwa na mtu anayemhesabu kuwa dume mwenzake anajibu kama dume. Fimbo weka chini. Kwanza, wiki hii, muite daktari wa mifugo amhasi, umri huu ndio wake hasa, afanye daktari kwa ganzi na sindano ya pepopunda, sio yule jamaa wa burdizo, lile koleo la kuhasia, anayepita na baiskeli. Usitegemee atabadilika kesho yake, homoni zinachukua wiki kadhaa kuisha na tabia aliyoizoea haikatwi na kisu, ila bila hilo mengine yote ni kazi bure, na akiachwa hivyo atawapanda majike wadogo wa kijiji kizima.

Halafu watoto wasiingie tena alipo. Kabisa, hata kama anawaita, na atawaita, atalia mpaka majirani waje kuuliza. Muweke jirani na punda wakubwa kwa uzio katikati, siku kumi hivi, wazoeane kwa pua. Kisha mwingize kwenye kundi, lakini usianze na madume, anza na jike mmoja mkubwa aliyezaa zaidi ya mara moja au dume mzee aliyehasiwa. Atapigwa. Nakuambia mapema ili usikimbilie kumtoa, utaona masikio yanalazwa, atafukuzwa, ataumwa shingoni, na mradi kuna nafasi ya kukimbia na hakuna kona ya kumbana waache wamalize darasa uliloshindwa kulifundisha. Siku utakayomwona amenyoosha shingo anapiga meno hewani nipigie simu, mi nitafurahi kuliko wewe.

Wewe mwenyewe uwe na kazi naye tu, sio mchezo. Mfunge hatamu, mwinue miguu umkague kwato, mtembeze, mfungue, ondoka. Hakuna kitu cha kula mkononi, weka chini. Akisogea kukusukuma kwa kifua simama imara umrudishe nyuma hatua mbili kwa hatamu kabla hujafanya lingine lolote. Mzigo bado, nakuomba, najua Dodoma wanawafunga mikokoteni wakiwa na miaka miwili lakini mifupa haijakomaa, ngoja afike minne.

Kuhusu kuuza, mwambie baba punda amekuwa mali. Biashara ya ngozi imewamaliza sehemu nyingi hadi wakuu wa Umoja wa Afrika wakapitisha katazo la kuwachinja kwa ajili ya ngozi Februari 2024. Ukimuuza akiwa na tabia hii, mnunuzi wa maana hatamtaka, na anayemtaka bila kuuliza tabia yake hataki mnyama, anataka kilichomfunika.

SWALI
Salaam kutoka Oman. Mimi ni Mzanzibari, nafanya usaisi, kutunza farasi, kwenye zizi moja nje kidogo ya Muscat. Hapa farasi jike mmoja kafa juzi kaacha mtoto, na mwingine mtoto wake kafa jana asubuhi na maziwa yanamdondoka. Msimamizi anasema haiwezekani kuwaunganisha, atamuua. Wewe unaonaje?
Saisi, Muscat

JIBU
Inawezekana sana na harakisheni, kila siku inayopita maziwa yanapungua na moyo wake unasahau. Kama maiti ya mtoto wake bado ipo, msiizike kwanza, wengine huchuna ngozi na kumfunika yatima mgongoni siku mbili tatu. Kama imeshazikwa, mkamue huyo jike umpake mtoto maziwa yake mwenyewe kichwani, mgongoni na chini ya mkia maana ndiko atakakonusa, na yeye mpake dawa ya mafua ya kuchua kwenye tundu za pua asinuse vizuri. Mtoto awe na njaa. Mtu mmoja mwenye uzoefu ashike hatamu, mwingine amlete mtoto ubavuni, kati yao na miguu ya nyuma wekeni ubao au marobota ya majani ili teke likija likute majani. Mpelekeni kila baada ya saa moja au mbili, msiwaache wawili peke yao hadi amuite mwenyewe kwa ile sauti ya chini ya kifuani, unaijua wewe. Wengine wanakubali ndani ya saa chache, wengine siku tatu, wachache hawakubali na msiwalazimishe. Ikishindikana mwambie msimamizi amuulize daktari wa hapo, kuna utaratibu wa dawa na homoni unaoweza kumfanya farasi jike mpole ambaye hakuzaa mwaka huu atoe maziwa, mazizi ya kwenu huko yana uwezo huo, huku kwetu tunaisikia tu.

Tulikuwa tumeshafunga ukurasa ndipo bwana wa Shela akanitumia sauti. Kuharisha kulikoma siku ya tatu baada ya kuacha sukari, kliniki wamempa sindano, beseni bado hataki anapiga chafya tu. Punda mzee wa jirani siku mbili za kwanza alimgeuzia mgongo, usiku wa tatu wakamkuta amelala kaegemea boriti upande wa kihongwe, na kihongwe kapitisha pua kwenye nafasi. Watoto wanauliza kama wanaweza kumpa jina. Wampe, ila wamwite wakiwa nje ya boma.